Madaftari ya Usama kutoka Omdurman

Rehma Abdalla alikuwa na miaka hamsini na tatu vita vilipoanza Sudan. Alikuwa fundi wa nguo katika mtaa wa Kaloleni, Kisumu, akishona kanzu na sare za shule kwenye baraza ya nyumba alimozaliwa. Usama, mdogo wake wa pekee, alikwenda kusoma Omdurman akiwa kijana, akaoa huko mwanamke aitwaye Ihsan, akapata binti mmoja, Amirah, na kazi ya kufundisha jiografia. Kila Ijumaa baada ya swala alimpigia dada yake simu.

Ijumaa moja ndani ya Ramadhani waliongea habari za joto na bei ya tende. Kesho yake asubuhi vita vikaanza, na simu ikanyamaza. Rehma alipiga wiki nzima, akapiga mwezi mzima, mwisho akawa anapiga tu ili asikie ile sauti ya mwanamke wa mitambo ikisema Kiarabu asichokielewa. Angalau ilikuwa sauti ya huko.

Mwezi wa nane mwanamume asiyemjua alimpigia.

“Mama Rehma? Naitwa Waswa, dereva ya lori. Niko hapa Mamboleo na mzigo yako kutoka Juba.”

Mzigo wenyewe ulikuwa daftari moja la shule, limefungwa kwa nailoni na uzi, namba ya simu ya Rehma imeandikwa juu. Lilikuwa limepita mikono ya watu wasiojuana, msafiri mmoja mpaka mpakani Renk, mwingine mpaka Juba, na wa mwisho alikuwa Waswa. Usama aliandika kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza alieleza sababu: vizuizini askari walikuwa wakisoma kila karatasi, na Kiswahili hawakukijua. Akiulizwa, alisema ni maandalio ya somo.

Rehma hakulisoma lote kwa mara moja. Alilisoma mchana, kurasa mbili mbili, kwenye baraza, cherehani imesimama. Seline, rafiki yake aliyehamia mjini kutoka Pap Onditi na kuuza mboga za kienyeji hatua chache kutoka hapo, alikuwa akija kusikiliza, akichambua majani ya osuga mapajani.

“Maji tunateka mtoni,” Usama aliandika. “Jana nimetia mkono nikafikiria, maji haya yametoka Jinja, na kabla ya Jinja yalikuwa kwenu ziwani. Huenda yalipita ufukoni Dunga siku uliyosimama pale ukinunua samaki. Ihsan kaniambia nisisimame mtoni kama mjinga, risasi hazijui jiografia.”

Seline alicheka, kisha akaacha.

“Majirani wanaondoka,” ukurasa mwingine ulisema. “Kila mmoja ananiachia ufunguo. Sasa ninazo za nyumba saba, nikitembea nalia kama ng'ombe mwenye kengele. Sisi hatuwezi kuondoka. Baba yake Ihsan hainuki kitandani, na hakuna gari litakalombeba.”

Polepole Omdurman ikaingia Kaloleni. Rehma aliinua mguu kwenye kanyagio la cherehani, akajikuta anahesabu milango saba ya majirani zake na kujiuliza ingekuwa yeye, angemwachia nani ufunguo. Alitembea kwenda sokoni akaona vivuli vya miti vimelala barabarani, akapunguza mwendo kana kwamba ni kizuizi, akatafuta karatasi mkobani. Asubuhi moja aliteremka ziwani na Seline. Gugumaji lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, shamba zima la kijani likisogea bila mtu kulisukuma, na mbali juu ya maji ulisimama mnara wa moshi mweusi. Alisimama pale pale.

“Ni wadudu tu,” Seline alimwambia, akimshika kiwiko. “Wale wa ziwani. Si unawajua tangu utoto?”

Aliwajua. Lakini waliendelea kupanda angani kama moshi, na yeye aliendelea kuwatazama mpaka upepo ukawatawanya.

Mzigo wa pili ulifika Februari, mkononi mwa Waswa yule yule. Mwandiko wa Usama ulikuwa umelegea, mistari ikiteleza chini. Mzee alikuwa amefariki, akazikwa uani. Sasa walikuwa wanajiandaa kuondoka kwa miguu na magari ya njiani, kufuata mto kuelekea kusini. Katikati ya daftari Kiswahili kikaisha. Kurasa nne zilizofuata zilikuwa za Kiarabu, kwa mwandiko mdogo ulionyooka ambao Rehma hakuwahi kuuona.

Herufi alizijua tangu madrasa. Alikuwa amezisoma maisha yake yote msahafuni, zikiwa na irabu zake, akitamka vizuri bila kuelewa sana. Hizi hazikuwa na irabu. Akazisoma kwa sauti hata hivyo, akikisia, na Seline akatulia kumsikiliza kama mtu anayesikiliza dua. Maneno mengi yalipita kama watu wageni barabarani. Machache yakageuka na kumtazama. Safari. Dawa. Kisha, karibu na mwisho, kaburi.

“Hiyo inasema nini?” Seline aliuliza.

“Sijui yote.”

“Na ile unajua?”

“Safari. Dawa.”

Neno la tatu hakulisema. Kwa siku tatu daftari lilikaa ndani ya kabati, kati ya vitambaa. Rehma alijiambia kaburi ni la mzee, maana mzee amekufa kweli. Alishona sare kumi na mbili siku hizo, na akiulizwa baadaye hakukumbuka hata moja. Siku ya nne alijitanda mtandio akaenda kwa Ustadh Hassan, aliyefundisha watoto wa mtaa.

Hassan alisoma kwanza kimya. Alivua miwani.

“Ameandika mtoto,” alisema. “Nikusomee taratibu, au nikuambie?”

“Nisomee.”

“Shangazi, mimi ni Amirah. Baba alitembea mpaka Kosti. Dawa yake ya sukari iliisha njiani, tukaulizia kila mahali. Alilala siku mbili. Kaburi lake liko juu ya mto, mahali ambapo maji hayafiki. Mama anasema ni haki yako kujua, na mimi naandika kwa sababu mama hawezi. Sasa tuko Renk.”

Rehma alishukuru, akarudi nyumbani kwa miguu. Seline alimwona akija, akaacha mboga zake bila mlinzi. Alikaa naye chini sakafuni mpaka magharibi, wanawake wawili wameegemea ukuta mmoja, na walioingia kutoa pole walilazimika kuinama kuwafikia.

Baada ya hapo Rehma alijua la kufanya. Alimtafuta Waswa, na kupitia kwake watu wa Juba, na kupitia kwao Ihsan. Ilichukua miezi minne. Juni, mama na binti walishuka kwenye basi Kisumu, wamechoka, na Rehma akamtambua Amirah kwa jinsi alivyosimama na mguu mmoja juu ya mwingine, kama Usama akingoja zamu bombani.

Kufikia mwisho wa mwaka Amirah alikuwa anazungumza Kiswahili cha Kaloleni, na Kijaluo kidogo cha Seline katikati. Alasiri moja aliweka madaftari mawili juu ya cherehani.

“Shangazi, nisomee Baba. Mimi sijui aliandika nini.”

Rehma alisoma. Walipofika ukurasa uliosema, “Usiku wa jana ulikuwa shwari, Amirah amelala vizuri,” msichana aliinua kichwa.

“Hapo si kweli. Sikulala. Tulikuwa chini ya kitanda. Baba anaandika, mimi nimeshika tochi.”

“Kwa nini aliandika hivyo?”

“Alisema shangazi yako akijua hataweza kushona.”

Rehma alitazama ule mwandiko. Mwaka mzima alikuwa ameishi ndani ya mji ambao mdogo wake alimpunguzia makali, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwanga wa tochi ya mtoto.

“Basi tuanze upya,” alisema. “Mimi nisome, wewe uniambie ilivyokuwa.”

Iliwachukua siku kumi na moja. Mara nyingine Ihsan alisikiliza kutoka mlangoni, mara nyingine aliondoka. Kurasa nyingine Amirah alisema ni kweli tupu, hata zile za kuchekesha, nazo hizo walizirudia mara mbili. Walipofika kwenye kurasa nne za mwisho, alilichukua daftari akasoma mwenyewe, akigeuza kuwa Kiswahili polepole. Neno moja, karibu na mwisho, lilimshinda. Aliliacha kwa Kiarabu kama lilivyo, na Rehma hakumuuliza.