Sikukigusa, Nimekifunika

Kompyuta yangu ilianza kugonga kwa ndani, ko, ko, ko, kama mtu aliyesimama mlangoni na hataki kupiga hodi. Nikatangaza mbele ya watu wote wa nyumba kwamba hii inakufa. Hakuna aliyeniamini. Kaka yangu aliitia kofi la mgongoni, kama alivyozoea kuipiga redio, akasema kuna mjusi kaingia. Mama akasema ni joto. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwetu Ngamiani mtu hata akilowa chepechepe atakwambia ni umande.

Na dalili zenyewe hazikuwa za kutafuta kwa tochi. Ukiiwasha, chai inapoa kabla yenyewe haijaamka. Nikifungua faili inaganda, kisha inagonga, kisha inafungua nusu. Asubuhi moja ikaniandikia yenyewe, herufi nyeupe kwenye kioo cheusi, kwamba diski ina hitilafu na nihamishe vitu vyangu. Nikamsomea kaka maneno hayo.

"Hivyo ni vitisho tu, ili watu wanunue mpya," akasema, akaendelea na mhogo wake.

Nilitamani kumnyang'anya ule mhogo.

Ndani ya diski hiyo ilikuwamo sauti ya baba. Kabla kiharusi hakijamshika, nilikuwa namketisha barazani jioni anasimulia, kwa Kimtang'ata chake cha Tongoni alikozaliwa: majina ya samaki, makaburi ya jamaa zetu yalipo, nani alimuoa nani na kwa nini wakaachana. Siku hizi baba anakaa kwenye kiti chake sebuleni, na neno lililobaki kinywani mwake ni moja tu, "haya". Ukimpa chakula, haya. Ukimuaga, haya. Maneno yake mengine yote yalikuwa humo kwenye kugonga. Nakala nilikuwa nayo kwenye flashi, lakini kaka aliichukua bila kuuliza, akafuta kila kitu apate nafasi ya nyimbo za kusikiliza garini. Hadi leo nikiisikia taarabu ikitoka kwenye gari lake, damu inanichemka.

Nikaipeleka kompyuta kwa fundi. Hata hakuitegea sikio. Alisema atanipigia windows mpya, nirudi jioni.

"Na vilivyomo?"

"Vitafutika, dada. Lakini itakuwa nyepesi."

Nyepesi, anasema. Ningefanyia nini wepesi? Niliitoa mikononi mwake kabla hajaiwasha, wala sikumuaga.

Nikanunua diski ya nje. Nikaiweka kompyuta juu ya meza ya sebuleni, nikaielekezea feni ipoe, nikaanza kuhamisha zile sauti, za mwanzo zikitangulia. Zilikuwa zinapita kwa tabu, moja inapita, inagonga, inapumzika, nyingine inapita. Nilikaa nazo mpaka adhana ya alasiri.

"Mama," nikamwambia, "naenda kuoga na kuswali. Hiki kidude kisiguswe."

"Sitakigusa, mwanangu."

Sasa, nyumba yetu ni nyumba ambayo kila kitu kina nguo. Friji lina kitambaa, televisheni ina kitambaa, mtungi wa maji una kitambaa, vyote amevifuma mama kwa mkono wake. Kwake yeye kitu cha thamani hakiachwi uchi. Haya nilikuwa nayajua tangu utotoni, na bado nilikwenda kuoga.

Niliporudi, kompyuta ilikuwa imefunikwa gubigubi. Si kwa kitambaa chochote, bali kile cha maua meupe anachokitoa siku za Idi tu, na juu yake cha pili. Feni ilikuwa imegeuziwa baba. Na kwa kuwa ilikuwa Alhamisi, siku yake ya kufukiza nyumba, chini ya meza palikuwa na chetezo, udi unafuka.

"Mama, si nilisema kisiguswe?"

"Sikukigusa. Nimekifunika." Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepungukiwa. "Baba yako anatoka jasho, hicho hakitoki jasho. Na sauti yake si imo humo? Niiache uchi, na vumbi lote hili?"

Nikavitoa vile vitambaa. Kompyuta ilikuwa ya moto kama kikaango. Haikugonga.

"Unaona," mama akasema, "kimetulia."

Kilitulia kweli. Hakikuwaka tena. Nilipayuka mpaka majirani wakachungulia, na kaka alipokuja kuuliza kuna nini, nikampa fungu lake lote pamoja, la mjusi, la flashi na la mhogo. Baba akatutazama sote. "Haya," akasema.

Kesho yake niliazima kompyuta kwa mwalimu mwenzangu wa shule ya Usagara, nikaileta sebuleni, nikachomeka ile diski ya nje. Zilizovuka ni zile za mwanzo kabisa, za kujaribia, baba hajakubali hata kusimulia. Makaburi hayakuvuka. Samaki hawakuvuka. Nilichokuwa nacho ni baba akinung'unika: "Kwani mie nafa, hata mwanikamata sauti?" Kisha kiti kinalia, anakohoa, anapaza sauti kuelekea ndani.

"Bi mkubwa, hiyo kahawa i wapi?"

"Abee," mama mwenyewe akaitika kutoka uani.

Alikuja mbio, anafuta mikono kwenye kanga, akasimama mlangoni. Akamtazama baba, akaitazama kompyuta, akamtazama tena baba. Baba naye alikuwa amegeuza shingo anamngoja, kama aliyeita ni yeye. Mama alirudi uani, akaja na kahawa, akamshikia kikombe.

"Haya," baba akasema.

"Na yaliyobaki?" mama akaniuliza, bila kugeuka.

"Hayapo, mama."

Nilikuwa na hasira, na hata sasa ninayo. Mama alikichukua kile kitambaa cha maua meupe, akakikunja, akakitia kabatini, na Idi zilizofuata hakukitoa. Friji bado limevaa, televisheni imevaa. Ile kompyuta iliyokufa iko mezani bila nguo, na kila asubuhi mama huipangusa vumbi kwa kiganja.