Waifai ya Kamera Yangu

Sijawahi kununua kitu cha kunitia hasira kama ile kamera yenye waifai. Muuzaji aliniapia kwamba ukipiga picha inaruka yenyewe hadi kwenye simu, na simu inaipeleka popote. Hakuwajua watu wa Kasulu.

Jirani yangu alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Mama mzazi wa jirani huyo alirudi Burundi kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa. Yeye, aliyekwisha kuolewa huku, akabaki. Hawajaonana tangu hapo. Sasa bibi yule alikuwa mgonjwa wa kitandani, na mjukuu wake mwingine alikaa kando yake na simu, akisubiri. Jirani aliniomba jambo moja tu.

"Mwalimu, mama amuone mtoto na shela yake leo. Ya kesho siyajui."

Kosa langu ni majivuno. Nilimnong'oneza mshereheshaji kwamba kamera yangu ina waifai yake, naye akatangaza kwenye spika kuwa mwalimu kaleta intaneti ya bure. Turubai zima likainamia simu. Waifai ile haina intaneti hata chembe, na inapokea simu moja tu kwa wakati mmoja. Kila nikijaribu kuunga yangu, shangazi fulani kashaingia. Nilieleza mpaka koo likakauka. Mzee mmoja akanishauri kwa upole kwamba uchoyo haumfai mwalimu.

Nikakimbilia uani, mbali na simu zao. Huko nikamkuta jirani mwenyewe, maana hakuwaamini wapishi: kavua gauni la sherehe, kajifunga kitenge kikuukuu, anakoroga maharage, masizi shavuni. Nikampiga picha moja kuijaribu kamera. Simu yangu ikaungana nayo. Kwa pupa nikazizoa picha zote, pamoja na za bibi harusi nilizopiga mapema, nikamtumia mjukuu.

Jirani alipoziona alikasirika kweli. Picha ya juu kabisa, ile niliyoipiga mwisho, ilikuwa yake.

"Umenionyesha kwa mama na masizi, mwalimu?"

Kisha ikaingia kwenye simu yangu sauti ya bibi iliyorekodiwa, dhaifu, kwa Kirundi. Jirani aliisikiliza mara mbili ndipo akanitafsiria.

"Anasema bibi harusi amependeza. Halafu anauliza, huyo wa jikoni mbona amekonda hivyo? Mwambieni ale."

Akauweka mwiko chini, akajipakulia maharage, akaketi juu ya kuni. Alikula yote, huku analia.