Bakuli la Guangzhou

Bado uso unaniwaka ninapokumbuka. Mwaka 2018 niliondoka Stafford, Texas, na mchumba wangu Neema, Mkongomani wa Fort Worth, tukaenda kutembea Guangzhou kwa akiba yetu ndogo. Kila aliyetabasamu nilimwona tapeli. Siku ya kwanza tu nilimfokea muuza matunda, kisha mkata tiketi wa kivuko.

"Sheri, ukigombana na mtu mwingine, pete yako utarudi nayo Texas," Neema aliniambia.

Tukaingia mkahawa wa bei rahisi, mvuke wa vikapu vya mianzi ukielea kama ukungu wa alfajiri. Mhudumu akatuwekea birika la chai na bakuli kubwa tupu. Hatukuwa tumeagiza. Nikajua tu, watatulipisha!

Bibi mmoja, tuliyeketi naye na mumewe meza moja, akachukua vikombe vyetu, akavitia chai, akavizungusha, kisha akaimwaga yote bakulini. Nikaona anaichezea chai tutakayolipia sisi. Sikugombana. Niliinua bakuli, nikanywa mpaka tone la mwisho, huku nimemkazia macho.

Mkahawa mzima ukageuka kuniangalia.

"Sheri," Neema akanong'ona, "angalia meza zingine."

Kila meza watu walikuwa wakisuuza vikombe na vijiti vyao kwa chai ya moto, na maji machafu wakiyamwaga bakulini.

Bibi hakucheka. Alisuuza vikombe vyake, na vya mumewe pia, akayamwaga maji hayo bakulini, kisha akanisogezea bakuli kwa mikono miwili, kwa heshima.

Neema aliinama, mabega yakimtetemeka.

"Kunywa," akasema. "Usimkasirishe."