Maikrofoni Iliyomuuma Msumari

Wapenzi wa muziki wa pank wa mji ule wanakubaliana kwamba hakuna aliyewahi kuimba kwa hasira kama Msumari. Anaikaribia maikrofoni kama mtu anayetaka kuivunja, anapiga ukelele mmoja, kisha anaruka nyuma kabla ukelele haujaisha. Vijana wa bendi nyingine wameuiga mruko huo. Mwandishi mmoja wa gazeti aliuita uasi wa mwili mzima. Ukweli ni kwamba Msumari anaiogopa maikrofoni.

Alianza kuiogopa akiwa kijana, katika stoo ya mjomba wake, fundi wa magodoro. Bendi ilifanyia mazoezi humo kwa sababu magodoro hunyonya kelele, na mjomba mwenyewe alikuwa nusu kiziwi. Amplifaya yao ilikuwa na mvumo usiokoma, kama friji yenye kinyongo. Mpiga ngoma, aliyeitwa Haraka kwa namna alivyomaliza nyimbo kabla ya wenzake, alikuwa na dawa aliyorithi kwa wanamuziki waliomtangulia: unafungua plagi, unakata ule waya wa tatu unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia, na mvumo unanyamaza.

"Kwani huo waya ni wa nini?" Msumari aliuliza.

"Wa waoga," Haraka alisema, koleo mkononi.

Mvumo ukanyamaza, wakashangilia. Msumari akashika nyuzi za gitaa, akaweka midomo kwenye maikrofoni, na umeme ukampitia kutoka mkononi hadi mdomoni. Alijikuta juu ya magodoro, ulimi una ladha ya chuma, mkono wa kushoto haumtii. Wenzake wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya wimbo. Mtu aliyekwisha kupigiwa makofi hupata taabu kueleza kwamba alikuwa anakufa.

Bendi ilizunguka kumbi, ikavunjika kwa ugomvi wa nani alale siti ya nyuma ya gari, ikaungana tena. Walipopunguza mwendo wakaanza kuitwa rok mbadala, ambayo ni pank iliyokwisha kuoa. Studioni, mtayarishaji alimtaka anong'one kwa karibu.

"Sogea, kaka. Maikrofoni haiumi."

Msumari alikwenda chooni akatapika, akarudi na viatu vya mpira, akaimba mikono ikiwa mfukoni. Wimbo huo ndio uliowapa jina. Watu waliusifu utulivu wake.

Kisha mpiga gitaa la pili akaiacha bendi, na nafasi yake ikachukuliwa na mdogo wake Msumari, kitindamimba wa mama yao, binti aliyekuwa seremala kwa kazi ya mchana. Alimzidi kaka yake kwa sauti, na aliimba midomo ikigusa chuma cha maikrofoni. Tangu hapo Msumari hakulala vizuri. Kila ukumbi alitangulia yeye, akapapasa plagi moja moja kama mama anayepapasa homa, ahakikishe waya wa tatu upo.

Alasiri moja gari lake liliharibika njiani. Alipoingia ukumbini, amplifaya ya pale ilikuwa inavuma, na Haraka alikuwa amepiga magoti sakafuni. Mvumo ukakatika. Haraka akainuka na koleo lake.

"Tayari! Jaribu, bibie."

Mdogo wake akashika nyuzi, akaiinamia maikrofoni.

"Usiguse!" Msumari alipiga ukelele wa maisha yake yote.

"Safi!" Haraka akamjibu. "Koo limeamka leo!" Akaketi, akaanza kuupigia ngoma ukelele ule. Fundi wa sauti akainua kidole gumba. Mdogo wake akadhani ni wimbo mpya, akatabasamu, akasogea zaidi.

Msumari akakimbia. Akaparamia jukwaa, akaivuta plagi ukutani na kuanguka nayo.

"Kaka, una wazimu?"

Akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwenzake aliyewahi kuisikia:

"Naogopa. Tangu stoo ya mjomba. Sikuruka, jamani. Nilipigwa na umeme."

Haraka alicheka peke yake, akaacha. "Lakini tulishangilia."

"Mlishangilia sana."

"Na mimi?" mdogo wake akauliza. "Mara ngapi nimeweka mdomo hapo, nawe unajua?"

"Nilikuwa nakagua kila mara."

"Na leo?"

Msumari akamnyooshea fundi wa sauti ile plagi.

Waya wa tatu ukaunganishwa, mvumo ukarudi. Fundi wa sauti akapima kwa testa, akatamka "salama" kama anayemwambia mtoto. Mdogo wake aligusa chuma kwanza kwa mgongo wa kidole, ndipo akaweka midomo. Watu walipojaa, bendi ilipiga juu ya mvumo ule, nao waliokuja kuiona hasira ya Msumari hawakuipata. Alisimama kando ya ukuta, waya wa plagi umezungushwa kiganjani tayari kuvutwa, macho kwenye mdomo wa mdogo wake, na sehemu yake ya kuimba ikapita bila yeye.