Nukta za Juu Kulia

Mwaka wangu wa pili wa uzamili niliupitisha katika chumba kidogo chenye pazia jeusi, chuoni upande wa Thika, nikiandaa kazi inayoonekana ya kitoto. Unakaa mbele ya skrini, unakazia macho msalaba ulio katikati, na kila nukta ya mwanga inapomulika pembeni unabonyeza kitufe. Nilitaka kujua uchovu unatunyang'anya kiasi gani cha kile tunachokiona kwa pembe ya jicho. Niliowalenga ni waendesha bodaboda wa Ruiru, ambao uhai wao unategemea kuliona gari linalochomoka ubavuni.

Kabla ya kuwaita, ilibidi nijipime mwenyewe. Ndipo nikagundua kwamba nukta za juu upande wa kulia zilikuwa zinanipita. Si kwamba nilichelewa kubonyeza. Kwangu hazikuwa zimetokea kabisa. Nilirudia kesho yake nikiwa nimelala vizuri, yakawa yale yale. Nikamwita msimamizi wangu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, nikidhani programu niliyoiandika ina kasoro. Alikaa, akabonyeza, akazipata zote. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, tutatafuta sababu. Nilimkubalia, lakini sababu nilikuwa nayo tayari.

Baba yangu ana presha ya macho. Ugonjwa huo ulimwanza taratibu, kutoka pembeni, bila maumivu. Tulidhani ni haraka zake tu alipokuwa akigonga bega kwenye mlango, au kumwaga chai aliyowekewa upande wa kushoto. Tulipokuja kujua, jicho moja lilikuwa limekwisha. La pili lilikuwa bado na nafasi, lakini alichoka na dawa ya matone, akasema hospitali ni ya watu wanaopona, akaacha kwenda. Na ugonjwa wenyewe huweza kurithiwa. Hilo nilikuwa nimelisoma mara nyingi.

Wiki hiyo niliishi vibaya. Nyumbani kwangu Gitothua nilikuwa nafunga jicho moja na kutazama kalenda ukutani, kisha nafunga jingine. Njiani nilisimama nikikodolea kibao cha duka la dawa, nikijaribu kujua kama naziona nyaya za stima juu yake. Ukijichunguza hivyo, mwishowe huna tena unachokiamini. Sokoni muuza ndizi wangu alinisalimia kutoka upande wa kulia, sikumwona, na nikarudi nyumbani bila kununua kitu.

Jumapili nilikwenda Kalimoni kumwona Baba. Nilikuwa nimeamua kutosema. Tulikunywa chai, tukaongea habari za mahindi, na za jirani aliyeuza shamba likakatwakatwa kuwa ploti. Halafu akakiweka kikombe chini.

"Maitu, leo unanijibu kama mtu aliye kwenye simu," akasema. Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Nikamweleza yote. Hakunipa pole, wala hakusema Mungu atatenda, maneno anayoyasema kwa kila jambo. Alipapasa akaipata fimbo yake, akaisimamisha katikati ya magoti.

"Kesho tunaenda Thika."

"Baba, naweza kwenda peke yangu."

"Najua unaweza. Mimi pia nilienda peke yangu, nikawaficha mpaka jicho likaisha. Tutaenda sisi wawili."

Kliniki ilikuwa na watu wengi, na Baba alikaa kwenye benchi akiwa ameupakata mkoba wangu. Daktari alisikiliza habari za jaribio langu, akanivua miwani, akanipima presha ya macho, akanimulika kuutazama mshipa ulio nyuma ya jicho. Mwisho alinikalisha mbele ya mashine iliyofanana sana na yangu. Nukta za juu kulia zilikuwapo. Zilikuwa hafifu, lakini zilikuwapo.

Daktari alisema presha iko sawa na mshipa hauna shida. Kisha akaichukua miwani yangu, akaiinua kuelekea dirishani.

"Ile test yako uliifanya ukiwa umevaa hii?"

Ilikuwa na fremu nene nyeusi niliyoinunua kwa urembo. Mkono mmoja wa fremu ulikuwa umelegea tangu niikalie, kwa hiyo upande wa kulia ulininginia, na ukingo wa juu ulikuwa ukikaa palepale nukta zilipotokea. Msimamizi wangu havai miwani. Mambo ya fremu kuziba pembe ya jicho nilikuwa nimeyasoma pia, ila hofu ilinifanya nisahau kilichokuwa puani pangu.

Nilipotoka na kumwambia Baba, aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Halafu akacheka mpaka akajifuta machozi. Nadhani ni kicheko hicho kilichomlegeza, kwa sababu daktari alipomwomba naye aingie, alinyanyuka bila ubishi.

"Kilichopotea hakitarudi, mzee," daktari alimwambia baada ya kumpima, "lakini hiki kilichobaki tunaweza kukilinda."

Baba alitaka kujua kama dawa bado inachoma. Akaambiwa kuna nyingine isiyochoma sana, akaikubali. Tulikula chapati na ndengu kwenye hoteli iliyo karibu, naye akaagiza chai ya pili, jambo ambalo halifanyi akiwa mjini.

Msimamizi wangu alifurahi kuliko nilivyotarajia. Tuliazima lenzi zisizo na ukingo za kutumiwa na yeyote mwenye miwani, nikajipima tena, nikazipata nukta zote. Wiki iliyofuata akaja mwendesha bodaboda wa kwanza, mwanamume wa Mugutha mwenye koti zito, moja kwa moja kutoka kazini. Alibonyeza kwa bidii mpaka mwisho, akajinyoosha, akaniuliza kama amepita. Nikamwambia hapa hakuna anayefeli, na nikamfungulia pazia.