Spika Nilizomchagulia Limi

Limi anachanja kuku. Vijiji vyote kati ya Katoro na njia ya Ushirombo vinamjua kwa kazi hiyo: mwanamke wa miaka arobaini na kitu, juu ya pikipiki yake mwenyewe, boksi la barafu limefungwa nyuma kwa mpira. Ndani ya boksi kuna vichupa vya dawa ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima. Tone moja jichoni, na kuku ana amani kwa miezi mitatu.

Kumtia tone si kazi. Kazi ni kumkamata. Kuku wa kienyeji akishafunguliwa alfajiri si wako tena mpaka jioni, utamkimbiza kwenye mashamba ya pamba hadi majirani wakucheke. Kwa hiyo Limi hupita kijijini jioni ya kuamkia siku ya chanjo na kutangaza: kesho msifungulie kuku mpaka nifike. Wakimsikia, anamaliza kijiji kabla ya saa nne. Wasipomsikia, anabaki na dawa aliyokwisha kuifungua, na hiyo haiwekwi kungoja juma lijalo. Inamwagwa.

Miaka sita alitangaza kwa mdomo, kisha kwa kile kipaza sauti cha mkononi cha betri ndogo. Mwaka jana koo likamgomea kabisa, akaja dukani kwangu Katoro kutafuta spika za kufunga kwenye pikipiki.

Mimi ni Nestory, fundi wa redio na muziki wa magari. Niseme ukweli, nina majivuno ya kazi yangu, na mteja akianza kunifundisha huwa naongeza sauti ya redio ili nisimsikie. Limi alisimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi.

"Fundi, nataka maneno yasikike. Hata aliye mwisho wa kijiji asikie."

"Mama Blessing, umefika," nikamwambia. Blessing ni binti yake wa kwanza.

Nikamtolea maboksi mawili ya besi, spika za inchi nane, na amplifaya pana kama sinia. Sisi hapa tunachagua spika hivi: unaweka wimbo, unaweka kiganja kifuani, ukisikia kifua kinadunda, lipa uondoke. Nikaweka wimbo. Vikombe vya mama ntilie jirani vikagongana mezani. Waendesha bodaboda wa kijiweni wakaja kucheza, mmoja akavua na koti. Nikafurahi kama mwenye harusi.

Limi hakucheza. Alikuwa anatazama ukutani, kwenye spika mbili za tarumbeta nilizozitundika msumarini, kama zile za misikitini.

"Na zile?"

"Zile zinalia puani. Hazina besi hata chembe. Wewe ni mtu wa kisasa, biashara matangazo."

"Lakini mimi siendi kupiga muziki, fundi."

"Mtu akisikia besi hii atatoka nje mwenyewe. Akishatoka, maneno atayasikia."

Sikumwashia zile tarumbeta hata dakika moja. Sikio la kufa halisikii dawa, na siku hiyo sikio lilikuwa langu. Nikamfungia besi kwenye pikipiki, kushoto na kulia kwa kiti, akaenda.

Kijiji cha kwanza kwenda nazo kilikuwa kwetu, anakoishi mama yangu. Yaliyotokea nimeyasikia kwa watu wengi, na wote wanasema yale yale. Mdundo ulitangulia pikipiki. Watoto wakaifuata wakirusha vumbi, wazee wakadhani ni wacheza ngoma wanaotangaza mashindano. Limi alikuwa anasema kwenye maikrofoni, lakini sauti yake ilizama ndani ya besi na mlio wa injini. Waliokuwa karibu na barabara walisikia "kesho". Wa mbali hawakusikia kitu. Kabla hajamaliza nusu ya kijiji, betri ya pikipiki ikaisha nguvu, maana besi inakula umeme kuliko mashine ya kusaga.

Asubuhi saa kumi na mbili alipofika, kuku walikuwa wametapakaa kwenye pamba. Alichanja arobaini tu, kijiji chenye kuku zaidi ya mia tatu. Dawa iliyobaki akaimwaga. Akaahidi kurudi baada ya juma moja, lakini kideri hakikumsubiri.

Mama alinipigia simu siku ya tano.

"Nestory, kuku wameisha. Amebaki tetea mmoja."

Alikuwa na kuku ishirini na wawili. Ndio waliokuwa wanamvalisha sare za shule mjukuu anayeishi naye.

"Mama, hukusikia tangazo la chanjo?"

"Tangazo lipi? Nilisikia ngoma. Nikasema leo kwa fulani kuna sherehe."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nishike bisibisi. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu alizaliwa mapema. Nilifunga duka, nikazitungua zile tarumbeta msumarini, nikamtafuta Limi. Nilijiandaa kutukanwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, fundi. Safari hii tuzisikilize huko huko kijijini."

Tukaenda kwa mama. Nikang'oa besi, nikafunga tarumbeta moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, na amplifaya ndogo ya volti kumi na mbili, ambayo betri ya pikipiki inaiweza. Maikrofoni nikaivisha kipande cha sponji kuzuia upepo. Limi akaenda na pikipiki hadi lamboni, ng'ambo ya mashamba. Nilimwomba azime injini kila anaposimama, na kifuani asiweke kiganja. Hapo alicheka.

Mimi nilikaa kizingitini kwa mama. Jua lilikuwa linashuka.

Sauti ikaja. Ilikuwa nyembamba, ya puani, mbaya kweli kweli, na kila neno lilifika zima. Alianza kwa Kisukuma, "Ng'wadila!", akawasalimu akina mayu, yaani akina mama, kisha akarudia yote kwa Kiswahili: kesho msifungulie kuku mpaka nifike. Nilisikia mpaka alipokohoa.

Mama akaweka chini ungo wake, akasimama.

"Unakwenda wapi, Mama? Ni majaribio tu."

"Si amesema nisifungulie?"

Akavuka uwanja, akainama, akasukuma jiwe kwenye mlango wa banda. Ndani alikuwemo yule tetea mmoja.