Tulivyopiga Sakafu ya Ghorofa la Mikindani

Watu wa siku hizi wakifika Mikindani husimama mbele ya maghorofa ya zamani, wakapiga picha milango yenye nakshi, wakaenda zao. Mlango kitu gani? Seremala anautengeneza kivulini, amekaa, kahawa iko pembeni. Mie nikiona nyumba kubwa ya mawe natazama juu kabisa, kwenye sakafu ya paa, maana huko ndiko mgongo wangu ulikobaki.

Baba yangu alikuwa fundi wa chokaa. Nyumba zote kubwa za mtaa ule alizijua: ipi ilijengwa na babu yake, ipi iliongezwa roshani na tajiri aliyetaka kumzidi jirani, ipi ilijengwa kwa haraka ukuta ukapinda. Alikuwa akisema utajiri wa wale wote uliishia kwenye urefu wa boriti. Boriti zilikatwa kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma, nayo ina kipimo chake, kwa hiyo hata uwe na maduka kumi, chumba chako kitakuwa kirefu upendavyo lakini chembamba. Habari hiyo aliipenda mno. Aliisimulia kwenye kila msiba na kila harusi.

Miaka michache baada ya Uhuru aliitwa kwenye ghorofa la Bibi mmoja wa Kihindi, mjane wa mfanyabiashara wa nguo. Wanawe walishahamia Mtwara mjini, kwenye nyumba za saruji, yeye akakataa kuondoka. Sakafu ya paa lake ilikuwa imechoka, inavuja kila chumba. Mwanawe mkubwa alitaka kuezeka bati, basi, mambo yaishe. Bibi akasema hawezi kulala chini ya ngoma. Wakakubaliana hivi: Baba aitengeneze upya kwa chokaa, kisha yamwagwe maji juu yake yakae mpaka asubuhi. Likidondoka tone moja tu, bati linapanda.

Kwao yalikuwa mabishano ya mama na mtoto. Kwetu yalikuwa makubwa zaidi, kwa sababu chokaa ilikuwa imemla Baba macho. Tuliojua ni mama na mimi tu. Paa lile likivuja, watu wangeuliza kwa nini, na nani angemwita tena? Kila asubuhi nilimshika mkono ngazini, najitia binti mwenye adabu nyingi. Mie, adabu! Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshaachika mara moja, na mdomo hauna breki.

Sasa sakafu ile ilipigwa na wanawake. Boriti zikishalazwa, yakapangwa mawe bapa, juu ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, mnapiga magoti kwa mistari, kila mmoja na kibao chake, mnapiga na kunyunyiza maji, siku baada ya siku, mpaka iwe ngumu. Na bila nyimbo kazi haiendi. Mwimbishaji nilikuwa mimi. Yule mwana aliyetaka bati akija kutoka mjini, akipita tu barabarani, naanza: "Bwana wa bati, mvua ikija hulali!" Wenzangu wanapokea, vibao vinashuka pamoja, na watu chini wanavunjika mbavu. Akina mama walikuwa wamevaa kanga mpya. Wallahi sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya ndoa yangu. Hasa siku ya ndoa yangu.

Siku ya tano tukasema imeiva. Baba alikuwa chumba cha chini yake, amekaa katikati, anasikiliza. Akaniita.

"Mwanangu, upande wa barabarani unalia ko, ko. Kona ya nyuma inalia bu, bu. Nani anapiga kule?"

Yarabi! Kule hakupiga mtu. Kona ile ilitazama choo. Nani avae kanga mpya akakipigie choo? Kila wimbo ulivyokolea tulisogea mbele ili tuonekane, na mimi ndiye niliyewavuta. Nilitaka kudanganya. Nikamtazama alivyoinua uso akisubiri, nikashindwa.

"Hakuna mtu, Baba. Tulitaka tuonekane barabarani."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Ikikauka hivyo, haitengenezeki tena."

Nikageuka, nikamkuta Bibi mlangoni na kikombe cha chai ya Baba. Amesikia kila neno. Aibu niliyoona siku ile sijui niipime kwa nini.

Nikapanda mbio kuwaambia wenzangu. Wakaguna. Mikono imekufa, wanasema, hata kidogo, sisi tumemaliza. Tukiwa katika kubishana, tukamsikia mtu anapanda ngazi anahema. Bibi! Mwanamke ambaye hata baraza la nyumba yake hakuwa akilikalia, amefunga shela kiunoni, na mkononi ana mti wa kusukumia chapati. Akapita katikati yetu, akapiga magoti kwenye kona ya choo, akaanza kupiga na kuimba kwa lugha ya kwao. Hakuna aliyeelewa hata neno. Tukapokea hivyo hivyo! Tulipiga mpaka alasiri, tunacheka mpaka machozi, ndipo tukamsikia Baba anapiga kelele huko chini: "Ko! Inalia ko!"

Kesho yake madebe ya maji yakapandishwa. Kesho kutwa asubuhi mwana akaja kutoka mjini, akamulika dari yote kwa tochi, boriti moja moja. Baba alipapasa sakafu ya chini kwa viganja. Mie roho mkononi.

"Kavu," akasema yule mwana, kwa taabu.

Vigelegele vikalipuka. Bibi akangoja vitulie.

"Fundi," akasema, "macho yako yalikufa lini?"

Nikamshika Baba mkono.

"Siku ya kwanza uliniamkia vizuri sana. Ila uliiamkia nguzo. Mimi nilikuwa nyuma yako."

"Mama!" mwanawe akaruka. "Ulijua, na ukampa paa?"

"Wewe una macho mawili," Bibi akamjibu, "na ulitaka kunilaza chini ya bati."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajitengeneza kofia, akageukia sauti ilikotoka, akainama kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Fundi. Leo umenipata."